Istilahi za Biashara kwa Barua Pepe: Uhakiki kwa Kuangalia Hali ya Sagalla

1. Utangulizi

Uhakiki wa istilahi za Kiswahili umezoea kufuata njia moja. Maneno hupangwa katika safu mbili, ya Kiingereza kushoto na ya Kiswahili kulia, kisha huulizwa kama neno la kulia limebeba yote yaliyomo katika neno la kushoto. Njia hiyo ina manufaa yake, hasa kwa mfasiri na mtunga kamusi. Upungufu wake ni kwamba humsahau mtu wa tatu, naye ni yule ambaye hajui neno la kushoto wala hana haja nalo, lakini atatenda jambo fulani kwa sababu ya neno la kulia: atatia sahihi, atatoa anwani yake, au atabofya mahali alipoelekezwa.

Makala haya yanachunguza istilahi za msingi za biashara inayoendeshwa kwa barua pepe, yaani kazi ya kukusanya anwani za watu, kuwapelekea habari za bidhaa au huduma, na kupima matokeo yake. Istilahi zinazohusika ni chache: orodha, kujiandikisha, ridhaa, kujiondoa, kufungua, kubofya, kurudi kwa barua, na barua taka. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi za uwanja huu zisipimwe kwa ulinganifu wake na Kiingereza peke yake, bali zipimwe kwanza kwa swali hili: je, mwenye anwani anaelewa anachokikubali na anachokikataa? Ili hoja isielee hewani, imewekwa katika mahali maalumu, nako ni Sagalla, karibu na mji wa Voi, katika Kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya.

2. Mahali na lugha zake

Sagalla ni kilima kinachosimama kusini mwa Voi, pamoja na vijiji vya juu na vya chini vinavyokizunguka. Wenyeji wake husema Kisagalla, lugha ambayo Guthrie aliiweka pamoja na Kidawida katika kundi la E.74, ingawa wataalamu waliomfuata wamezidi kusisitiza kwamba ni lugha mbili na si lahaja za lugha moja. Jambo hili lina historia yenye funzo. J. A. Wray, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Sagalla mwaka 1883, alichapisha kitabu cha sarufi mwaka 1894 na kukiita utangulizi wa lugha ya Kitaita. Jina la jumla la mgeni likafunika tofauti ambazo mwenyeji alizijua. Atungaye istilahi hana budi kulikumbuka hilo, kwani jina likishapigwa chapa ni vigumu kulifuta.

Voi kwa upande wake ni mji wa njia. Reli ilipita hapo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyozinduliwa mwaka 2017 ina kituo hapo hapo. Matokeo yake ni mgawanyo wa lugha unaojulikana pengi katika Kenya: Kisagalla nyumbani, Kiswahili sokoni na garini, Kiingereza katika fomu. Mgawanyo huo ndio unaoipa mada hii uzito, kwa sababu biashara ya barua pepe huanzia katika fomu na kuishia nyumbani.

Tena Sagalla si mahali pasipo na kitu cha kuuza. Vijiji vya chini vinapakana na Hifadhi ya Tsavo Mashariki, na tembo wamekuwa wakiharibu mazao ya wakulima. Tangu 2009 shirika la Save the Elephants, kwa utafiti unaoongozwa na Lucy King, limekuwa likijenga huko nyua za mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kwa kuwa tembo huwaogopa nyuki. Nyua hizo huleta asali, na asali hiyo huuzwa kwa jina linalomtaja tembo. Wanunuzi wa bidhaa ya namna hii, kama ilivyo kwa vikapu vya katani vinavyosukwa na wanawake wa Taita, aghalabu wako mbali: Nairobi, Ulaya, Marekani. Mwenye kutaka kuwafikia watu hao bila gharama ya duka atashauriwa mapema kutumia barua pepe. Mifano itakayotumika hapa chini ni ya kikundi cha kubuniwa tu, chenye asali ya kuuza na orodha ya anwani mia mbili.

3. Jina la kazi yenyewe

Kazi hii haina jina moja katika Kiswahili. Tanzania imelizoea neno “masoko”, hata pakawa na idara za masoko na maofisa masoko. Kenya hutumia zaidi “uuzaji”. Wengine husema “kunadi bidhaa”.

Kila jina lina kasoro yake. “Uuzaji” hutaja tendo la mwisho tu, wakati kazi yenyewe huanza kabla ya kuuza na kuendelea baada yake. “Masoko” lina upana, lakini kwa mkulima wa Sagalla soko ni mahali penye meza, vibanda na vumbi, na mtu akiambiwa “masoko ya barua pepe” anaweza kudhani kuna soko humo ndani ambamo ataingia. “Kunadi” ndilo jina zuri zaidi kwa masikio na bovu zaidi kwa maana. Anadiye hupaza sauti mbele ya umati, naye hamjui amsikilizaye. Apelekaye barua humwendea mtu mmoja, ndani ya kikasha chake, na kwa jina lake. Kukichanganya kitendo cha hadharani na kitendo cha faraghani ni kuificha tofauti ile ile ambayo sheria inailinda. Kwa hiyo inafaa “masoko” libaki jina la taaluma, na kazi hii mahsusi iitwe kwa maelezo: “kutangaza bidhaa kwa barua pepe”. Si kila dhana inahitaji neno moja.

“Barua pepe” lenyewe limekwisha kaa. Lilishindana na maneno mengine, kama “barua meme”, likashinda kwa sababu upepo unajulikana na kila mtu, na wepesi wake unafahamika bila kufundishwa. Hata hivyo sitiari hiyo ina upande mmoja unaopotosha. Upepo hupita bila kuacha alama. Barua pepe ya biashara, kinyume chake, mara nyingi hubeba picha ndogo isiyoonekana kwa macho, ambayo barua ikifunguliwa humwarifu aliyeipeleka kwamba imefunguliwa na saa ngapi. Jina halitabadilishwa sasa, wala halina haja ya kubadilishwa. Ila mwenye kuifundisha dhana hii asiliachie jina lifanye kazi yote ya kueleza.

4. Orodha na ridhaa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo Kiswahili kinapoonyesha nguvu ambayo watunga istilahi wameitumia kidogo mno.

Katika kuingia kwenye orodha kuna hali mbili ambazo ni lazima zitenganishwe. Kuna mtu aliyetaka mwenyewe, akatoa anwani yake akijua itatumiwa kwa kazi gani. Na kuna mtu ambaye anwani yake ilichukuliwa mahali pengine, kama katika daftari la wageni la hoteli, katika orodha ya waliohudhuria semina, au katika fomu ya mkopo, kisha ikatiwa orodhani. Lugha nyingi hulazimika kuunda istilahi mbili mpya kwa hali hizi. Kiswahili kinazo tayari katika mnyambuliko wa kitenzi kimoja: “kujiandikisha” na “kuandikishwa”. Kiambishi -ji- humfanya mtenda kuwa mwenye hiari. -W- humwondolea hiari hiyo. Kadhalika “kujiondoa” si sawa na “kuondolewa”. Anayejiondoa hahitaji kumwomba mtu. Anayeondolewa anangojea huruma ya mwenye orodha.

Matumizi ya kila siku hayaizingatii tofauti hiyo. Mara nyingi husemwa “wateja walioandikishwa” kwa makundi yote mawili, au “wanachama”, neno linalozidisha utata, kwa maana mwanachama wa chama au kikundi ana haki ya kupiga kura na wajibu wa kutoa mchango, na aliye katika orodha ya barua hana hili wala lile. Uzembe huu si wa kisarufi tu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa pale ambapo sheria imeruhusu na mwenyewe amearifiwa data hiyo ilipokusanywa. Ripoti inayosema “watu 200 wameandikishwa” haijasema kama sheria imefuatwa au imevunjwa. Inayosema “watu 120 wamejiandikisha na 80 wameandikishwa” imeungama yote kwa silabi moja.

Neno la “ridhaa” nalo linahitaji kutazamwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo imejengwa juu ya dhana hiyo, ingawa jina la sheria linatofautiana na la Kenya: huko “taarifa binafsi”, huku “data”. Wapo wanaotumia “idhini” mahali pa “ridhaa”. Maneno haya hayalingani. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka kwa aliye chini yake, kama mwalimu kwa mwanafunzi. Ridhaa hutoka moyoni mwa mwenye jambo lake, kama ridhaa ya ndoa. Mwenye anwani si ofisa anayetoa kibali, ni mtu aliyeridhia. “Ridhaa” ndilo neno sahihi, na mahali penye “idhini” pafaa pasahihishwe.

Kuna pia desturi ya kuthibitisha ridhaa kwa mara ya pili. Mtu akishatoa anwani yake hupelekewa barua moja tu ya kumwuliza kama kweli ni yeye na kama kweli anataka. Asipojibu, haandikiwi tena. Tafsiri kama “kujiandikisha maradufu” ni mbovu, kwani yadokeza kwamba mtu ameingia orodhani mara mbili. Jina lipo katika utamaduni wenyewe. Mgeni wa Kiswahili hupiga hodi mlangoni. Asipokaribishwa baada ya hodi ya tatu, huenda zake bila kinyongo. Barua hiyo ya kuuliza yaweza kuitwa “barua ya hodi”, na ile inayofuata baada ya mtu kukubali ikaitwa “barua ya karibu”. Itapingwa kwamba istilahi ya kitaalamu haifai kuwa na sura ya nyumbani. Pingamizi hilo halina nguvu, kwa kuwa “dirisha”, “kikasha” na “kiungo” zote zimetoka nyumbani, na hakuna anayezilalamikia. La maana zaidi, neno “hodi” linabeba ndani yake sharti la kuondoka usipojibiwa, sharti ambalo maneno kama “uthibitisho” hayalibebi.

5. Mafungu na majina

Mwenye orodha kubwa huigawa, ili waliokwisha kununua asali wapate barua tofauti na wale ambao hawajanunua. Kwa kitendo hiki pamependekezwa “matabaka”, “makundi” na “sehemu”. “Tabaka” lina harufu ya siasa na mirathi ya uchumi. “Kundi” huchanganyika na kikundi cha wauzaji wenyewe. Sokoni Voi muuza nyanya huzipanga kwa “mafungu”, kila fungu na bei yake, na hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake. “Fungu la orodha” lingetosha.

Suala la majina ni gumu zaidi. Programu za kupeleka barua huweza kumtaja kila mpokeaji kwa jina lake, na kwa kawaida huchukua lile linaloitwa “jina la kwanza”, likatanguliwa na “Mpendwa”. Kwa mwandishi wa Kiswahili aliyelelewa katika desturi ya barua zenye salamu kamili kabla ya neno lolote la biashara, mwanzo huo una ukavu. Kwa mama wa makamo aliyezoea kuitwa kwa jina la mwanawe, au mzee anayejulikana kwa jina la ukoo linaloanza na Mwa-, kuitwa kwa jina la ubatizo na mtu asiyemjua ni kuvunjiwa heshima. Kasoro imo katika istilahi ya fomu, ambayo imeuliza mpangilio wa majina wakati ilipaswa kuuliza wito. Mahali pa “jina la kwanza” fomu ingeuliza: “Ungependa kuitwaje?”

6. Vipimo

Tuseme kikundi kile cha asali kimepeleka barua 200. Barua 20 zimerudi; zilizofika ni 180. Kati ya hizo, 45 zimefunguliwa, na watu 9 wamebofya kiungo cha kununua. Kutokana na tarakimu hizi hutolewa vipimo ambavyo kila mwenye kazi hii huviangalia.

Kipimo cha kwanza huitwa mara nyingi “kiwango cha ufunguzi”. Neno “ufunguzi” tayari lina kazi yake, kama ufunguzi wa mkutano au wa jengo, tena kwa sherehe. “Asilimia ya zilizofunguliwa” ni ndefu zaidi lakini haidanganyi: 45 kwa 180, yaani asilimia 25. Wengine huthubutu kusema “zilizosomwa”, na hapo kosa huwa kubwa. Kufunguliwa si kusomwa. Na tangu 2021 hata kufunguliwa hakuaminiki, kwa sababu kampuni ya Apple ilianza kutumia mfumo unaopakua picha za barua kabla mpokeaji hajaigusa, ili kumficha asifuatiliwe. Barua huhesabiwa kuwa imefunguliwa ilhali mwenyewe amelala. Kiswahili kina bahati ya kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda: “imefunguliwa” haisemi na nani. Istilahi hiyo yenye tahadhari ihifadhiwe.

Kipimo cha pili kina mtego wa hesabu. “Kiwango cha kubofya” chaweza kuwa 9 kwa 180, ambayo ni asilimia 5, au 9 kwa 45, ambayo ni asilimia 20. Viwili hivi ni vipimo tofauti, na kwa Kiingereza vina majina mawili. Katika Kiswahili jina moja hutumiwa kwa vyote. Mshauri mwenye nia mbaya anaweza kukionyesha kikundi asilimia 20 na kudai malipo ya kazi nzuri, na asiwe amesema uongo. Tiba ni kuutaja msingi wa hesabu ndani ya istilahi: “kubofya kwa zilizofika” na “kubofya kwa zilizofunguliwa”. Urefu wa maneno mawili ni bei ndogo kwa kuepuka hasara.

Barua zilizorudi nazo hugawanyika. Nyingine hurudi kwa sababu anwani haipo. Nyingine kwa sababu kikasha kimejaa au mtambo umezimika kwa muda. Wanaofuata sura ya Kiingereza husema barua “imedunda”, kana kwamba ni mpira. Neno “marejesho” nalo limetajwa, lakini katika vikundi vya akina mama marejesho ni malipo ya mkopo, na kumwambia mweka hazina kwamba marejesho yamefika 20 ni kumfurahisha bure. Posta ilikwisha litatua jambo hili zamani: barua isiyompata mwenyewe “hurudi”. Basi ziitwe “zilizorudi kabisa” na “zilizorudi kwa muda”. Za kwanza zifutwe orodhani. Za pili zingojewe. Hapa pana sababu ya kienyeji pia. Watu wengi wana anwani kwa kuwa simu au huduma ya serikali iliwadai, wakatengenezewa na mhudumu wa duka la kompyuta mjini, wakasahau hata neno la siri. Anwani ya namna hiyo hairudishi barua; huzipokea zote wala hakuna azisomaye. Hali hiyo nayo inahitaji istilahi yake. “Anwani mfu” haiifai, maana bado inapokea. “Anwani tupu” ingefaa zaidi.

7. Taka na kutotakwa

“Barua taka” ni istilahi iliyofaulu, hata imeingia katika programu zilizotafsiriwa. Dhana yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani: barua ya kwanza ya kutangaza bidhaa kwa mamia ya watu kwa pamoja ilipelekwa na Gary Thuerk wa Digital Equipment Corporation mwezi Mei 1978, nchini Marekani. Jina la Kiingereza lilikuja baadaye, kutokana na mchezo wa vichekesho kuhusu nyama ya kopo. Kiswahili kimeiacha nyama na kuchukua jaa, na kimefanya vema.

Walakini istilahi hii inahukumu barua kwa ubora wake. Taka ni kitu kibovu. Mwuzaji wa asali safi atasema kwa dhati kwamba barua yake si taka, kwa sababu asali ni nzuri, picha ni nzuri, na faida inakwenda kwa mkulima. Sheria haiulizi hayo. Inauliza kama mpokeaji aliridhia. Barua nzuri isiyoombwa ni kosa, na barua mbaya iliyoombwa si kosa. Kwa hiyo panahitajika istilahi mbili: “barua taka” kwa jaa la ndani ya programu, na “barua isiyoombwa” kwa matumizi ya sheria na maadili. Utani wa lugha upo pia: “taka” la uchafu na “taka” la kupenda zinatamkwa sawa, na mwanafunzi anaweza kuuliza kama barua taka ni barua anayoitaka. “Isiyoombwa” haina utata huo.

Mambo haya si ya maandishi tu. Tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zimewataka wanaopeleka barua kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na wazuie malalamiko ya barua taka yasifikie asilimia 0.3. Kanuni za Kenya za 2021 nazo zinadai njia rahisi ya kujitoa. Njia ipo, basi. Lakini ikiwa imeandikwa kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza, chini kabisa ya barua iliyoandikwa kwa Kiswahili, kwa mpokeaji wa Sagalla ni kama haipo.

8. Hitimisho

Istilahi zilizochunguzwa hapa zinaonyesha kwamba upungufu mkubwa wa uwanja huu hautokani na uhaba wa maneno. Umetokana na kuyatafuta mahali pasipofaa. Sarufi ya kitenzi cha Kiswahili ilikwisha kutenganisha hiari na kulazimishwa. Soko lilikwisha kutoa fungu. Posta ilikwisha kutoa kurudi kwa barua. Mlango wa nyumba ulikwisha kutoa hodi. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa 1967, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, ni vyombo vinavyoweza kuzipatanisha “data” za Kenya na “taarifa” za Tanzania. Kazi hiyo ni halali na ya lazima. Lakini haitoshi usanifishaji upatanishe miji mikuu miwili. Kabla ya istilahi kupigwa chapa, yafaa isomwe mbele ya watu watakaoitwa kwayo, katika mahali kama Sagalla, waulizwe wanaelewa wamekubali nini. Wakijibu tofauti na alivyokusudia mtungaji, neno ndilo lenye kosa.